Mpira uliofichwa kwenye friji: historia fupi ya chembe ndogo na plastiki inayovutwa

Chukua kalamu ya Bic, ile yenye mwili unaoonyesha wino ndani. Ikanyage kwa kisigino. Itapasuka ka! na kuacha vipande vyenye ncha kali. Sasa nenda kwenye duka lolote hapa Kisondela linalopozea soda kwenye friji ya kawaida ya nyumbani. Omba ruhusa, fungua mlango, gonga ule ukuta mweupe wa ndani kwa kidole. Ukuta huo umegongwa na chupa na sufuria miaka nenda rudi, na bado uko mzima.

Nikikuambia kwamba mwili wa ile kalamu na kuta za friji nyingi vina asili moja, plastiki iitwayo polistirini, utaniamini? Tofauti kubwa ni kwamba ndani ya ukuta wa friji kuna chembe za mpira, mamilioni kwa mamilioni, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Chembe hizo ndizo zinazoizuia plastiki isipasuke. Ndizo pia zinazochangia kuifanya isipitishe mwanga, kwa sababu mwanga ukigonga chembe hizo unatawanyika huku na huku.

Lakini hakuna cha bure. Mpira huohuo unaoipa plastiki ugumu wa kuvumilia ikiwa imeganda, unaibadilishia tabia ikiwa imeyeyuka, hasa pale inapovutwa. Watu walichukua miaka mingi kulielewa hilo, na historia yake inapita karibu na sisi kuliko unavyodhani: inapita kusini mwa Tanzania, Muheza, na kwenye sahani yako ya mboga. Tuanze na neno moja tu: kuvuta.

Kuvuta si kumimina

Kimiminika kinaweza kutiririka kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuteleza. Ukimimina uji kutoka kwenye sufuria, tabaka la juu linateleza juu ya tabaka la chini, kama karata zinavyoteleza mkononi. Ya pili ni ya kuvutwa. Chota mlenda kwa kijiko kisha nyanyua. Unaona ule uzi unaoning'inia, unazidi kuwa mwembamba lakini haukatiki? Pale hakuna tabaka linaloteleza juu ya jingine. Uzi mzima unanyooshwa.

Uji na mlenda vinaweza kuwa na uzito unaofanana ukikoroga, lakini ukivinyanyua ni vitu viwili tofauti kabisa. Uji unadondoka, mlenda unavutika. Kwa hiyo kujua jinsi kimiminika kinavyomiminika hakukuambii jinsi kitakavyovutika.

Mtu anayetajwa kwanza kwa kulipima jambo hili ni Frederick Trouton, profesa wa fizikia huko London. Mwaka 1906 alichapisha majaribio aliyofanya kwa vipande vya lami. Lami inaonekana ngumu, lakini ukiipa muda inatiririka. Trouton aliivuta polepole na kugundua kwamba ukinzani wake wa kuvutwa ni mara tatu ya ukinzani wake wa kuteleza. Mara tatu, si zaidi si pungufu. Mpaka leo namba hiyo inabeba jina lake, na kwa vimiminika vya kawaida inasimama vizuri.

Mlenda hauitii sheria hiyo, na plastiki iliyoyeyuka pia haiitii. Zote mbili zina molekuli ndefu kama nyuzi, zilizosokotana kama tambi kwenye sahani. Ukizivuta kwa haraka, nyuzi zinanyooka na kukaza. Ukinzani unaweza kupanda mara kumi, au hata zaidi, juu ya ule wa Trouton. Tabia hii tuiite hapa "kukaza kwa kuvutwa". Ishike vizuri, maana ndiyo mhusika mkuu wa makala hii.

Mwaka 1906, upande wetu

Wakati Trouton anavuta lami London, mpira ulikuwa unavutwa kutoka kwenye misitu yetu. Koloni la Wajerumani lilikuwa katikati ya Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 kwenye milima ya Matumbi na kwenda mpaka 1907. Huko kusini, nyuma ya Kilwa na Lindi, watu walikuwa wamekusanya mpira wa mwituni kwa miaka mingi. Walichanja mitambaazi ya Landolphia, wakaugandisha utomvu na kuuviringisha kuwa madonge ya kuuza pwani. Aina moja ya mitambaazi hiyo inaitwa Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Kama umewahi kunywa juisi ya mabungo, umekunywa tunda la jamaa wa mmea huo.

Kaskazini hadithi ilikuwa nyingine. Kule Muheza na Usambara walowezi walipanda mti kutoka Brazili uitwao Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo. Mashamba yakaenea, bei ikapanda. Halafu mwaka 1913 bei ya dunia ikaanguka. Mashamba ya Asia yalikuwa yamejaa mti mwingine, Hevea, ambao mbegu zake Henry Wickham alizitoa Brazili mwaka 1876. Hevea ilitoa mpira mwingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mashamba ya huku mengi yakaachwa yaote majani.

Mti wenyewe ulibaki. Ndiyo ile mboga watu wanaita kisamvu cha mpira. Watafiti wa kituo cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, baadaye waliutumia kuupandisha na muhogo ili kupata mihogo inayostahimili magonjwa ya virusi.

Kisondela haikuwa na mashamba hayo. Mvua na baridi yetu ni ya chai, ndizi na maparachichi. Lakini subiri, vita nyingine inakuja, na itatuunganisha wote.

Wazo zuri lililokosa mwiko

Tukirudi maabara, mwaka 1927 mkemia Mrusi aliyehamia Marekani, Ivan Ostromislensky, alipata hati miliki ya wazo lililoonekana rahisi: yeyusha mpira ndani ya stirini, ambayo ni kimiminika, kisha igeuze stirini iwe polistirini. Utapata plastiki yenye mpira ndani, isiyopasuka hovyo.

Wazo lilikuwa sahihi, ila bidhaa yake haikushika soko. Ukiuacha mchanganyiko ugande wenyewe bila kukoroga, mpira unajisuka kuwa wavu mmoja mkubwa unaojaza chombo kizima. Kitu kama hicho hakiyeyuki vizuri wala hakifinyangiki.

Kipande kilichokosekana kilikuwa kinatafutwa Cambridge, na mtu asiyehusika na plastiki. Mwaka 1934 Geoffrey Ingram Taylor alichapisha majaribio ya matone ndani ya kimiminika kizito. Alitengeneza kifaa chenye roli nne zinazozunguka, zikivuta kimiminika kutoka katikati kwenda pande mbili. Tone likikaa katikati linavutwa bila kukimbia, na unaweza kulitazama. Alilinganisha na kifaa kingine kinachofanya kimiminika kiteleze tu.

Aliona jambo la ajabu. Kwenye mtiririko wa kuteleza, tone lililo zito sana kuliko kimiminika kinacholizunguka halikatiki. Linajizungukia tu, kama gogo mtoni. Kwenye mtiririko wa kuvutwa halina pa kujificha, linarefuka mpaka linakatika. Kwa maneno mengine, ukubwa wa chembe ndani ya kimiminika hauamuliwi na umechanganya nini peke yake. Unaamuliwa pia na umekivutaje.

1942: vita yafungua mashamba, na viwanda

Tarehe 15 Februari 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani. Kusini-mashariki mwa Asia ndiko kulikotoka karibu asilimia 90 ya mpira asilia wa dunia. Jeshi bila mpira halina matairi, na jeshi bila matairi halisogei.

Mambo mawili yakatokea kwa wakati mmoja, pande mbili za dunia.

Tanganyika, Waingereza waliyafungua tena mashamba ya Manihot yaliyokuwa yametelekezwa tangu zama za Wajerumani. Kuchanja miti kunataka mikono mingi, na mikono haikuja yenyewe. Serikali ya kikoloni ikatumia amri za wakati wa vita kuwalazimisha watu kufanya kazi mashambani, kwenye mkonge na kwenye mpira pia. Tusipite haraka hapa. Ukisoma kwenye vitabu vya kemia kwamba "upungufu wa mpira wakati wa vita ulichochea uvumbuzi", kumbuka kuwa upungufu huohuo, upande huu, ulimaanisha mtu kuondolewa nyumbani kwake akachanje mti ambao hakuupanda.

Marekani wao wakajenga viwanda vya mpira wa kutengenezwa. Mwaka 1941 walizalisha tani 231 tu za mpira wa matumizi ya jumla. Mwaka 1945 walikuwa wanafikia tani 70,000 kwa mwezi. Mpira huo ulikuwa na takriban robo tatu butadiini na robo moja stirini. Vita ilipokwisha, mpira wa Asia ukarudi sokoni. Mashamba ya Manihot ya Tanganyika yakakosa mnunuzi kwa mara ya pili. Na Marekani ikabaki na viwanda vya stirini vyenye uwezo mkubwa, vikitafuta kazi ya kufanya.

Kazi ikapatikana: polistirini. Na tatizo la polistirini ni lile la kalamu uliyoikanyaga.

Siri ilikuwa kukoroga

Mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya Dow ya Marekani ilianza kuuza polistirini yenye mpira ndani. Hati miliki iliyokuja kuwa maarufu ilitolewa mwaka 1954 kwa James Amos na wenzake. Walichofanya ni kulichukua lile wazo la 1927 na kuongeza mwiko: waliukoroga mchanganyiko wakati stirini inageuka kuwa polistirini.

Mwanzoni mpira ulioyeyuka ndio unaozunguka kila kitu, na polistirini inaanza kama matone ndani yake. Polistirini inavyoongezeka, kuna wakati mambo yanageuka ghafla: polistirini inakuwa bahari, mpira unakuwa matone. Bila kukoroga mgeuko huo haufanyiki sawasawa. Ukikoroga, mpira unakatwakatwa kuwa chembe, kama Taylor alivyotuonyesha. Kila chembe inafunga ndani yake vijipande vya polistirini, na kwenye uso wake inaota minyororo ya polistirini inayoishikilia kwenye bahari inayoizunguka. Chembe hizo zina ukubwa wa mikroni 1 hadi 5 hivi. Unywele wako una mikroni kama 70.

Mpira wenyewe kwa kawaida ni asilimia 5 mpaka 10 tu ya uzito. Unatosha. Ukikunja kipande cha ukuta wa friji mbovu, utaona panageuka peupe zaidi kwenye mkunjo kabla hapajavunjika. Weupe huo ni nyufa ndogo mno, maelfu, zinazoanzia kwenye chembe za mpira. Badala ya ufa mmoja mkubwa kupita moja kwa moja, nguvu inagawanywa kwenye nyufa nyingi zisizo na madhara.

Muda huohuo ikaja ABS, plastiki ya aina hiyohiyo yenye chembe ndogo zaidi, mara nyingi chini ya mikroni moja. Ndiyo ya kofia ngumu nyingi za pikipiki na maganda ya vifaa vya umeme.

Sasa bili inaletwa

Plastiki ngumu tumeipata. Lakini kabla ya kuwa ukuta wa friji, ilikuwa karatasi bapa. Inapashwa joto mpaka inalegea, kisha inavutwa ndani ya umbo kwa nguvu ya hewa. Angalia kona za ndani za friji: pale karatasi ilivutwa zaidi, na ndipo palipo pembamba zaidi. Ubora wa friji nzima unaamuliwa na swali moja: plastiki hii inavutwa vipi?

Ili kujibu, watu walihitaji kifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Joachim Meissner, akiwa kampuni ya BASF Ujerumani, alitengeneza mashine inayoshika kipande cha plastiki iliyoyeyuka kwa magurudumu madogo kwenye ncha zake na kukivuta kwa kasi anayoitaka, huku kikielea kwenye mafuta ya moto. Aliipima polietilini nyepesi, plastiki ya mifuko ya rambo na ya viriba vya miche. Ilikaza sana kwa kuvutwa. Ndiyo maana inawezekana kuipuliza kama puto na kupata utando mwembamba wenye unene karibu sawa kote. Mahali panapoanza kuwa pembamba panakaza zaidi, ni kama panasema: mimi basi, vuteni kwingine. Kwa hiyo unene unajisawazisha wenyewe.

Mwaka 1981 Helmut Münstedt, naye wa BASF, alichapisha utafiti juu ya plastiki zilizoyeyuka zenye chembe za mpira. Kwa kuunganisha kazi yake na ya wengine waliofuata, picha ilikuwa hivi.

Kwanza, chembe za mpira zikiongezeka, kukaza kwa kuvutwa kunapungua. Kwa nini? Chembe hiyo imefungwa kwa vifundo vya kemikali, haiyeyuki. Kwako wewe mpira ni laini, lakini kwa plastiki iliyoyeyuka ni kama kitufe kigumu. Haitaki kurefuka pamoja na wenzake. Plastiki iliyo jirani inalazimika kuizunguka, na katika kuzunguka huko sehemu yake inateleza badala ya kuvutwa. Zaidi ya hapo, nafasi iliyochukuliwa na chembe ni nafasi ambayo nyuzi ndefu hazipo. Yule mlinzi anayesema "vuteni kwingine" anapunguziwa sauti. Mahali palipoanza kuwa pembamba panazidi kuwa pembamba.

Pili, na hili linaonekana kama kinyume chake, chembe zikiwa nyingi na mvutano ukiwa mdogo sana, plastiki inakuwa ngumu kuanza kutiririka. Chembe zinakaribiana mpaka zinaegemeana kama watu kwenye daladala ya asubuhi. Hakuna anayesogea mpaka msukumo uwe mkubwa. Hili lina faida: karatasi iliyopashwa joto hailegei na kuning'inia ovyo kabla haijafinyangwa.

Kwa hiyo mpira haufanyi kuvutika "kuwe kubaya" au "kuwe kuzuri". Unabadilisha bei. Ukivuta polepole unapata kitu kinachojishikilia, ukivuta sana unapoteza kile kinachosawazisha unene. Ndiyo maana kiwandani karatasi za friji hufinyangwa zikiwa zimelainika tu, hazijafikia kuwa uji, na joto lake linachungwa kwa makini.

Inatuhusu nini?

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini vifungashio vya kilimo na vya viwandani viliachwa nje ya katazo. Kwa hiyo viriba vya miche ya chai na ya maparachichi hapa Rungwe bado vipo, na mahitaji yake ni makubwa. Upande mwingine tuna taka: ndoo zilizovunjika, maganda ya redio, na matairi, hasa ya bodaboda, ambayo yakishindikana hata kuwa makatambuga yanachomwa au yanatupwa mtoni. Kijana mwenye akili ya biashara akitazama pande zote mbili anapata wazo: kwa nini nisisage tairi nikachanganya na plastiki, nikapuliza viriba?

Wazo la kutumia taka ni jema, na simkatishi mtu tamaa. Ila historia hii imetupa maswali matatu ya kuuliza kabla hajakopa hela ya mashine.

Chembe zina ukubwa gani? Za friji ni mikroni chache. Unga wa tairi unaouzwa mara nyingi una chembe za mikroni mia kadhaa. Kiriba kwa kawaida ni chembamba kuliko mikroni 100. Chembe ya mikroni 300 ndani ya utando wa mikroni 50 ni mara sita ya unene wa utando wenyewe. Ni kama kusukuma chapati yenye kokoto ndani. Pale penye kokoto ndipo patakapotoboka.

Zimeshikana na plastiki? Chembe ya Amos imeota minyororo inayoishikilia. Chembe ya tairi ilishaiva kwenye kiwanda cha tairi na haina undugu na polietilini. Ukivuta, plastiki inaachana nayo, linabaki tundu, na tundu linakua.

Itavutwa kiasi gani? Kupuliza utando ni kuvuta kwingi, na hapo ndipo mpira unapodai zaidi. Kigae kinene cha kukanyagia, mkeka wa zizi la ng'ombe au lami ya barabara havivutwi hivyo. Huko unga wa tairi una kazi ya maana, na kwenye lami umeshatumika nchi mbalimbali.

Maswali yote matatu hayahitaji maabara ya mamilioni. La kwanza linahitaji chekecheo. La pili, kuvunja kipande na kukitazama kwa kioo cha kukuzia. La tatu ni kukubali tu kwamba kitu kinachomiminika vizuri kwenye sufuria hakijathibitisha kwamba kitavutika, kama uji usivyokuwa mlenda.

Mpira wa ukuta wa friji haukutoka Muheza wala Kilwa. Ulitoka kwenye mitungi ya viwandani. Lakini mitungi hiyo ilijengwa kwa sababu ya upungufu uleule uliowapeleka watu wetu kwa nguvu kwenye mashamba ya Manihot. Mara ya kwanza tulitoa mikono, hesabu zikafanywa kwingine. Safari hii malighafi imejaa nyuma ya karakana ya bodaboda, na hesabu yake tunaweza kuifanya wenyewe.